Raba za Breki Mfukoni mwa Mutiso

Wauaji Inspekta Muthoki alikuwa amewaona wa kila namna: wanaolia, wanaocheka, wanaoapa kwa Biblia huku kisu kiko mvunguni. Huyu wa Tawa ndiye aliyemchosha. Kukiri alishakiri, tena bila kuguswa hata ukucha. Shida ni kwamba hakujua maiti iko wapi.

"Nimemuua Njogu," Mutiso alisema tena, macho sakafuni. "Andika hivyo, afande. Nipe niweke sahihi tumalizane."

"Ulimuua na nini?"

Mutiso akakwangua tope kwenye suruali kwa ukucha.

"Ukamweka wapi?"

"Sijui."

"Hujui! Mtu unamuua halafu unasahau pahali umemwacha, kama mwavuli?"

Mutiso alikuwa fundi wa redio kutoka Kasikeu, mrefu, mwembamba, na suruali yake bado ilikuwa na matope mekundu ya mlimani. Inspekta alikuwa ametumwa kutoka Machakos aifunge kesi hii, na maneno ya mkubwa wake yalikuwa machache: Jumatatu mshukiwa afikishwe kortini. Leo ilikuwa Ijumaa. Kesi ya mauaji haina dhamana na mwisho wake ni kamba. Mutiso alilijua hilo vizuri, na bado aliomba kalamu.

Faili yenyewe ilikuwa imenona. Wiki iliyopita, Mutiso na rafiki yake Njogu, mwenye duka la misumari na mabati pale Sultan Hamud, walitoka na baiskeli zao za milima, zile za matairi manene na gia nyingi, wakapita Tawa wakielekea Mbumbuni. Walitaka kuvuka mlima ulio mbele ya Mbumbuni, washuke hadi mto Athi, waingie Kitui. Pale Mbumbuni wenye hoteli waliwasikia wakigombana juu ya chai, Mutiso akipiga meza na kusema, "Huendi! Nitakuzuia kwa njia yoyote ile!" Usiku Mutiso akaingia kituoni peke yake, amelowa mvua, akasema amemuua mwenzake. Walipompekua walimkuta na spana, pamoja na raba zote nne za breki za baiskeli ya Njogu. Kesho yake baiskeli ikapatikana korongoni chini ya kona kali, rimu imepinda. Damu ilikuwepo. Njogu hakuwepo. Na barabara nzima ya mteremko, kutoka juu mpaka kwenye ile kona, ilikuwa imefagiliwa kwa tawi la mgunga. Mkuu wa kituo aliandika kwa wino mwekundu kwamba muuaji alifuta nyayo zake.

"Raba hizi ulizitoa wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Hiyo siwezi kusema."

"Mligombania nini?"

"Hiyo pia."

"Unamficha nani, Mutiso?"

Kwa mara ya kwanza aliinua macho, akayapeleka dirishani, akayarudisha chini upesi. Lakini Muthoki alikuwa ameshaona. Nje, kwenye benchi la wageni, alikaa mwanamke mjamzito, mimba yenyewe ya kujifungua leo au kesho, na kikapu miguuni.

"Yule ni nani?" alimwuliza Konstebo Ndolo, dereva wake, mtu mzima mwenye tumbo lililokuwa likitangulia mlangoni.

"Ni Wariara, afande, bibi ya marehemu. Huja kila siku saa ya chakula."

"Kumwona nani?"

Ndolo akakuna kisogo. "Mshukiwa. Humletea chapati."

Muthoki akatoka, akakusanya sketi yake, akaketi kwenye benchi kando ya yule mwanamke. Harufu ya chapati na dengu ilipanda kutoka kikapuni.

"Mama, pole sana. Lakini niambie ukweli. Unamlisha mtu aliyekiri kumuua mume wako?"

"Huyo hajui kuua," Wariara alisema. Alikuwa amepanga kwa mama mmoja wa kanisani pale Tawa, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi. "Hata kuku wa Krismasi hutuletea akiwa hai. Anasema tuchinje sisi, yeye atarudi chakula kikiiva."

"Basi Njogu yuko wapi?"

"Hiyo ndiyo nimekuja kungoja hapa."

Akaweka mkono tumboni, kisha maneno yakamtoka yenyewe. Mwaka jana walizaa mtoto wa kwanza, na mtoto hakulia. Tangu siku hiyo Njogu alishindwa kukaa nyumbani. Kila Jumamosi alfajiri alikuwa juu ya baiskeli: Chyulu, uwanda wa Yatta, Mutomo, popote penye mawe na jua na watu wasiomjua hata wakamwuliza habari za nyumbani. Alilala porini, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mutiso hakupenda baiskeli hata kidogo. Alinunua yake ili mwenzake asizunguke huko peke yake.

"Na safari hii?"

"Nilimwambia asiende. Alifunga mizigo, akafungua, akafunga tena. Alikuwa anaogopa, mama. Ananiangalia tumbo, anatoka nje. Sasa ningemshika na nini? Nilimwendea Mutiso. Nilimwambia, Mutiso, ndugu yangu, mrudishe huyu mtu kabla sijafika siku zangu."

"Akasema?"

"Akasema, 'Shemeji, nitamrudisha hata kama ni kwa kumfunga kamba.'"

Inspekta Muthoki aliinuka polepole. Hakurudi kwa mshukiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye stoo ya vidhibiti.

"Ndolo, nionyeshe ule ufagio wa muuaji."

Ndolo aliuvuta kutoka pembeni, akaulaani ulipomchoma. Lilikuwa tawi la mgunga, refu kumshinda mtu, majani yameshakauka na miiba bado mizima. Muthoki akaligeuza. Kwenye shina, pale lilipokatwa kwa kisu, kulikuwa na ukanda wa mpira wa tyubu, umefungwa fundo la nguvu, na ncha yake moja imekatika kwa kuvutwa.

"Huu mpira ulikuwa hapa siku ile?"

"Ulikuwa, afande."

"Mbona kwenye ripoti hauko?"

"Tuliandika 'tawi'. Tuliona mpira ni wa tawi."

"Wewe ukifagia uwanja kwako, ufagio huufunga mpira?"

"Mimi kwangu sifagii, afande."

"Hilo nalijua hata bila upelelezi. Leta gari. Na ile blakmamba ya kituo, ile baiskeli nzito ya chuma, uipakie nyuma."

Mlima ulipo kuna barabara moja tu, nyekundu, inayopanda kwa kujipinda mpaka upepo uanze kukupiga kifuani. Ukisimama juu kabisa unaiona Kitui ng'ambo, kijivu na bluu, uwanda wa Yatta umenyooka mbele yake, na mto Athi umejificha bondeni. Ni mahali pazuri pa kumaliza hasira. Muthoki hakupaangalia kwa muda mrefu, alikuwa amepiga magoti barabarani.

Mvua ilinyesha siku ile walipopita wale wawili, udongo ukalainika na kushika kila alama. Tangu hapo jua limechoma bila huruma, na alama zimekauka zikawa ngumu kama matofali. Mfagio, ile michirizi ya tawi, ulikuwa wazi, unashuka katikati ya barabara.

"Anayefagia nyayo hutembea," Muthoki alisema. "Zake ziko wapi?"

"Alizifagia pia."

"Akiwa hewani?"

Ndolo akatazama juu, kisha akatazama chini.

"Njoo hapa kwenye kona. Unaona nini pembeni ya mfagio?"

Ndolo aliinama kwa taabu. Pale barabara ilipojipinda, ukingoni mwa ile mikwaruzo ya miiba, kulikuwa na alama fupi ya tairi nene lenye meno. Kona ya pili hivyo hivyo. Kila kona, tairi lilitoka nje ya mfagio kidogo na kurudi ndani. Muuaji gani anafagia barabara nzima halafu anaacha alama kwenye kona zote?

"Kata tawi, Ndolo. Kubwa. Lifunge na mpira kwenye karia ya blakmamba."

"Afande, unataka kufanya nini?"

"Si mimi. Wewe ndiye utashuka. Na breki usiguse."

"Afande, mimi nina watoto!"

"Basi shika usukani vizuri, wasikose baba."

Akapanda huku akinung'unika, tumbo limegusa usukani, na tawi likiburuta nyuma. Baiskeli ilianza kuteremka, ikataka kukimbia, tawi likaikamata. Ikawa inashuka kwa utulivu kabisa, vumbi linafuka nyuma, miiba inakwaruza. Kule chini Ndolo alikuwa anacheka kwa sauti.

"Aaah! Kama baba yangu akitoka kuuza makaa! Sisi wote huku tunashuka hivi breki zikikataa!" Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Akageuka kuangalia njia aliyoshukia. Mfagio wake ulikuwa umelala kando ya ule wa zamani, na mtu asingeweza kutofautisha.

"Ee Mungu," Ndolo alisema. "Sasa hatukufikiria hivi kwa nini?"

"Kwa sababu mliona raba mfukoni kwanza, mkafunga akili." Muthoki alishuka akamfikia. "Sikiliza. Hapo juu Njogu alipumzika, labda akalala. Mutiso akatoa spana, akafungua raba zote, akaondoka nazo. Alijua mtu hateremki mlima huu bila kujaribu breki kwanza. Njogu angeona, angekasirika, angerudi Mbumbuni kwa miguu kumtafuta. Wangetukanana, wangerudi nyumbani kwa Wariara. Hesabu yake ilikuwa hiyo tu."

"Na Njogu akakata tawi."

"Akakata tawi. Na mtu wa dukani, wa Sultan Hamud, ujanja wa tawi aliujulia wapi? Nani alimfundisha katika safari zao zote hizo?"

Ndolo akavua kofia. "Maskini Mutiso."

"Mpira ulikatika kwenye ile kona ya mwisho, baiskeli ikamponyoka, akaanguka. Mutiso alimngoja Mbumbuni mpaka akachoka, akapanda kumtafuta kwenye mvua na giza linaingia, akaiona baiskeli kule chini bila mtu. Tangu hapo anajihesabu muuaji. Haya, nyinyi mlitafuta wapi?"

"Korongoni kote. Na tuliuliza boma zote za ng'ambo."

"Mliuliza vipi?"

"Tuliuliza kama wameona maiti."

Muthoki alijipangusa vumbi magotini. "Ndolo, ungekuwa mwanangu ningekuchapa."

Waliuacha mteremko, wakavuka korongo kwa miguu. Boma la kwanza walimkuta mama akichambua mbaazi. Muthoki alimsalimia kwa Kikamba, akaketi chini bila kukaribishwa, akachukua ungo wa pili, akaanza kuchambua naye. Walizungumza habari za mvua, na za bei ya mbaazi, ambayo ilikuwa mbaya.

"Mtu akivunjika mguu huku kwenu, anapelekwa kwa nani?" akauliza, mikono bado kazini.

Yule mama alisita. "Kwa Kaluki."

"Ana mtu sasa?"

"Mtu wa Kaluki hatumwongelei."

"Kwa nini?"

"Ndiyo sheria yake. Akishamfunga mtu, habari zake hazitoki, na za nje haziingii, mpaka mfupa ushike. Mtu akisikia habari mbaya anashtuka, na mfupa unashtuka naye. Polisi walikuja hapa, wakauliza maiti. Sisi maiti hatujaona."

Ndolo alianza kukohoa ghafla, akaenda kukoholea mbali.

Nyumba ya Kaluki ilikuwa nyuma ya jabali, na Kaluki mwenyewe alisimama mlangoni, mfupi, mikono mipana, amejifunga kanga kifuani. Alikuwa amewaona tangu korongoni.

"Mwaitu," Muthoki alisema kwa heshima, "wewe ni mama yangu, sikuja kukuvunjia sheria. Nina habari za mgonjwa wako. Nusu ni mbaya, nusu ni nzuri."

"Mpe nzuri. Mbaya rudi nayo."

"Zimefungana. Na kuna mtu atanyongwa zikikaa nje."

Kaluki alifikiri, midomo ameikaza. Kisha akaingia ndani, akawaita. Kitandani alilala mwanamume mwenye ndevu za siku nyingi, paji la uso lina kovu bichi, mguu wa kushoto umefungwa vijiti kutoka gotini mpaka kifundoni. Kaluki aliketi ukingoni mwa kitanda, akakaza kamba za vijiti, akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili na kuukumbatia mapajani mwake.

"Sasa sema," akamwambia Muthoki. "Nimeushika."

"Wewe ni Njogu?"

"Ni mimi." Sauti ilikuwa dhaifu. Wachunga mbuzi walimwokota korongoni wakamleta, Kaluki alieleza, akawa na homa siku nyingi, na akili imemrudia juzi tu.

"Mimi ni Inspekta Muthoki. Raba za breki zako zilienda wapi?"

Njogu aliangalia dari. "Zilianguka zenyewe. Barabara mbaya."

"Zote?"

"Zote."

"Zikaangukia mfukoni mwa Mutiso?"

Njogu akafumba macho. "Mutiso hana makosa. Usimguse Mutiso. Niliona raba haziko, nikajua ni yeye na nikajua ni kwa nini, na bado nikashuka. Ni kichwa changu kigumu. Juzi nilimtuma mama mmoja hotelini Mbumbuni, nilijua atakuwa pale ananingoja. Akarudi akasema hayuko. Basi, nikajua amechoka na mimi. Hata mimi ningechoka."

Muthoki alimgeukia Kaluki. "Mwaitu, huyo mama aliambiwa nini hotelini?"

Kaluki hakupepesa macho. "Kwamba huyo mtu amefungwa, ameua. Hawakusema ameua nani. Nikamwambia amweleze mgonjwa hayuko, basi."

"Amefungwa?" Njogu alitaka kuinuka. Mikono ya Kaluki ikamkandamiza mguu, wala haukusogea.

"Yuko seli Tawa," Muthoki alisema. "Amekiri kukuua. Jumatatu ataenda kortini, na ameomba kalamu mara zisizohesabika. Mambo mawili tu amekataa kusema, tena tumemwuliza kwa kila njia: kwa nini alitoa raba, na mligombania nini. Hataki Wariara asikie kwamba ulikuwa unamkimbia."

Njogu alilia bila kujificha, kama mtoto, mabega yakitikisika na mguu umetulia mapajani mwa mama mzee.

"Mimi simkimbii yeye," alisema baadaye. "Nampenda. Naogopa nitasimama tena nje ya mlango ule, nisikie kimya. Huko porini kimya ni cha kawaida. Ndiyo maana naenda."

"Hilo mwambie mwenyewe."

"Yuko vipi?"

"Amevimba miguu. Yuko Tawa, anamlisha chapati muuaji wako."

Njogu akacheka katikati ya machozi, akashika mbavu, akaomba wasimchekeshe. Alitaka kubebwa saa hiyo hiyo. Kaluki alikataa kwa neno moja ambalo halikuhitaji tafsiri, kisha akasema mke aletwe hapa wakitaka, kwa sababu wazazi pia yeye huwazalisha, na mtoto akilia kwake husikika mpaka korongoni. Muthoki akasema atamwuliza mwenyewe.

Walirudi Tawa jua likielekea kuzama. Wariara alikuwa palepale kwenye benchi, kikapu kitupu, na aliposikia gari alijaribu kusimama akashindwa. Muthoki hakumzungusha.

"Yuko hai. Mguu umevunjika. Mdomo uko sawa kabisa."

Wariara alitoa sauti ambayo konstebo wote walitoka kuiangalia. Alimshika Muthoki kiunoni, akalia kwenye vifungo vya koti lake, na Inspekta, ambaye miaka yake yote kazini alikuwa amejulikana kwa ukali, alimpapasa mgongoni akisema, "Basi, mama, basi," huku yeye mwenyewe akivuta kamasi.

Kisha akachukua funguo, akaenda kufungua seli. Wariara alimfuata, ameshika ukuta.

Mutiso alisimama. Aliuona uso wa Wariara, ule uliolowa machozi, akauelewa vibaya. Akanyoosha mikono, tayari kwa pingu.

"Mmempata," alisema. "Shemeji, nisikilize kabla hawajanipeleka. Ni mimi nilitoa raba za breki. Uliniambia nimrudishe, nikakosa njia nyingine. Nilifikiri ataona, atageuka. Sikutaka afe. Wallahi, shemeji, nilitaka tu arudi kwako."

"Yuko hai, Mutiso."

Alimwangalia kama hajui lugha hiyo. Akamwangalia Muthoki, ambaye alitikisa kichwa kukubali. Mutiso akateremka ukutani mpaka sakafuni, akafunika uso kwa vile vidole vyake vya redio.

"Nilitoa raba zake nikamwacha," alirudia. "Nilizitoa, shemeji."

Wariara alijishusha kwa shida, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni, akaketi kando yake kwenye simenti. Akavuta ncha ya leso yake, akamfuta uso taratibu, upande mmoja, kisha wa pili.

"Na wewe pia," alisema. "Raba tu? Mbona hukutoa na magurudumu?"